Buluu kwa Mbali

Tarehe 3 Februari

Kadogo, mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Sisi huku hatujambo. Wifi yako anakusalimu, na magoti yake yanakusalimu pia, maana siku hizi yanasema kuliko yeye. Mwanangu mwenye mashine ya kusaga amepata mtoto wa kike, ana sauti nene, kila mtu anasema amenifuata mimi. Kuku wetu wawili wamepotea. Jirani yangu Mzee Honi anasema ni mwewe. Mimi nasema mwewe hana jiko, na jana nimesikia harufu upande wa kwake.

Najua utauliza kwa nini nisipige simu. Simu nimemwachia wifi yako. Maneno ya nyumba nayataka kwenye karatasi, kwa sababu nakujua tangu unanyonya, leo utasema hivi na kesho utasema hukusema. Barua nampa dereva wa basi la masafa, akichelewa ni yeye, si mimi.

Sasa nyumba yako. Paa limekaa, madirisha yamekaa, sakafu iko tayari. Yule fundi wa lipu aliyeletwa na mjenzi nimemfukuza. Alikuwa anapiga lipu kama anampaka mtoto mafuta. Nikamwambia beba ndoo yako, ukuta huu una wenyewe. Nimeanza mwenyewe na chumba chako cha kulala. Wewe unajua mimi ni nani. Ile shule, yale maghala, ile benki ya zamani, kuta zote ni mkono huu. Siku walipoivunja benki waliita tingatinga, na tingatinga likapumzika mara mbili kabla ukuta wangu haujakubali. Watu walisimama kuangalia. Mimi nilikuwa nimekaa nakunywa chai.

Ninachotaka kwako ni maneno mawili tu. Dari liwe la nini, na kuta zipakwe nini. Kama unataka ushauri wangu, na hata kama huutaki, dari liwe la mbao na kuta tupige chokaa. Chokaa ukuta unapumua. Hizi rangi za kopo ni kumvalisha mtu koti la mvua akalale nalo.

Jibu upesi, sina kazi nyingine.

Kaka yako,
Fundi


Tarehe 21 Februari

Kaka yangu Fundi Mkuu,

Shikamoo. Huku mimi mzima, ila baridi imeingia na chumba chetu cha kushonea mashuka hakina jua. Mashuka ya hospitali hayaishi. Unamaliza rundo, wanaleta jingine, mpaka ndotoni naona pindo. Hongera ya mjukuu. Sauti nene atazoea, bora tu asifuate mdomo.

Hilo la kumfukuza fundi limenikera na limenichekesha. Kaka, nilimlipia yule mtu ili wewe ukae kwenye kiti uelekeze. Kiti, kaka. Si benchi, si ngazi.

Sasa maneno yako mawili. Dari nataka la jipsamu, vyumba vyote, jeupe, bila maua wala duara za urembo katikati. Jikoni peke yake weka mbao zilizopakwa rangi ya mafuta kwa sababu ya mvuke. Kuta nazitaka laini, zipakwe rangi ya maji, na rangi yenyewe nimekushonea kipande cha kitambaa hapo pembeni ya karatasi. Ni buluu, lakini buluu kwa mbali, kama maji ya mwisho ya kusuuzia nguo nyeupe. Umri wangu wote wa kazi nimeishi kwenye vyumba vilivyopakwa kijani cha mafuta mpaka kifuani, na juu yake kijivu. Nikifumba macho nakiona. Nataka nikistaafu niamke kwenye ukuta ambao haunidai kitu.

Kuna jambo jingine. Barua yako mistari inapandana, mwishoni imeteremka mpaka nje ya karatasi. Wifi kwenye simu alinitajia, akicheka, kwamba ulimimina chai mezani ukakilaumu kikombe. Nilipomuuliza zaidi akaniambia nimuulize mwenye chai. Basi nakuuliza. Macho yako vipi?

Usinijibu kwa hadithi ya benki.

Mdogo wako,
Kadogo


Tarehe 30 Machi

Kadogo,

Salamu nyingi. Tumepata mvua, paa halikutoa hata tone. Mzee Honi kaumwa jino, kanyamaza siku mbili, mtaa mzima ukalala vizuri. Mjukuu anakua. Wifi yako mzima na nimemwambia simu ni ya kusalimiana, si ya kupeleka habari za vikombe. Kikombe kile kina mdomo mbaya, hata wewe ungekosa.

Macho yangu usiyaingize kwenye rangi. Mimi nasawazisha ukuta tangu hujajua kushika sindano. Ukuta unausoma kwa mkono, jicho ni la kuangalia wapita njia.

Sasa sikiliza kazi. Lipu nimemaliza chumba chako, cha wageni, sebule na korido. Nimechekecha mchanga mwenyewe, nimelowesha ukuta mwenyewe, nimeacha ukauke kwa saburi, sikukimbizana nao. Nikaja kwenye rangi. Mdogo wangu, hapo ndipo nilipokutana na maajabu. Kitambaa ulichotuma umesema ni buluu. Si buluu. Ni cha njano, kimekaa kama meno ya mvuta tumbaku. Nikasema labda kimechakaa njiani. Nikaenda kwa yule mama muuza rangi, nikamwambia nataka buluu kwa mbali. Akachanganya, akanionyesha. Nikaona maziwa yaliyolala. Nikamwambia ongeza. Akaongeza. Nikamwambia mama, unaogopa nini, ongeza. Akaniuliza kama ni nyumba ya kuishi watu. Nikamwambia wewe tia.

Nimepaka chumba chako, na bado naona njano imejificha ndani yake. Viwanda vya siku hizi ni wezi. Basi nikatumia akili ya zamani, nikanunua buluu ya kufulia nikaitia ndoo nzima. Sasa angalau inaonekana kuna kitu. Nimepaka mikono mitatu, mmoja juu ya mwingine, na sebule pia nimeanza. Watu wanaopita wanasimama mlangoni wanaangalia bila kusema neno. Kazi nzuri inamfunga mtu mdomo.

Hilo jipsamu lako nimelifikiria nimelikataa. Ni unga uliofungwa kwenye karatasi. Panya akipiga chafya linadondoka. Na ile waliyoleta wauzaji kama mfano ni chafu, imegeuka rangi ya chai, nikawarudishia.

Juzi nilishuka kwenye benchi kwa haraka kidogo, kiuno kinaniuma. Ni benchi fupi, si habari.

Kaka yako,
Fundi


Tarehe 16 Aprili

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Wasalimu wote. Huku salama, nitafupisha salamu leo na utanisamehe.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikacheka mpaka wenzangu wakaacha mashine kunitazama. Niliisoma mara ya pili sikucheka tena.

Kile kitambaa ni buluu. Nimekikata mwenyewe kwenye jora jipya, mbele ya dirisha. Hakikuchakaa njiani. Muuza rangi hakukosea. Jipsamu waliyokuletea haikuwa chafu. Kaka, ni macho yako. Kila kitu cheupe unakiona cha njano, ndiyo maana unaongeza buluu na haitoshi. Hapa kazini wazee wanaletwa wakiwa hivyo hivyo, wanagombana na mashuka yangu kwamba sikuyafua. Wakitoka kwa daktari wa macho wananiomba radhi.

Unamkumbuka baba na sindano zake za viatu? Alikuwa anatuita tumtilie uzi, anasema sindano za siku hizi zinatengenezwa bila tundu. Tukicheka, mimi na wewe. Yeye alilaumu sindano, akalaumu taa, akalaumu uzi, mpaka siku alipokata kidole badala ya ngozi. Wakati huo hapakuwa na mtu wa kumtibu. Wa kukutibu wewe yupo. Hospitali ya macho iko mwendo wa asubuhi moja kwa basi. Ukichelewa sana, daktari hapa ameniambia kazi inakuwa ngumu, na ukianguka kwenye hilo benchi lako ukavunjika nyonga hutafika hata huko.

Nyumba ni yangu, na mimi ndiye ninayesema sasa. Nasimamisha kazi. Usipake, usipande, usishike mwiko mpaka upimwe macho. Funguo mpe wifi.

Usinikasirikie. Au kasirika, lakini nenda.

Kadogo


Tarehe 4 Mei

Kwa Bibi Mwenye Nyumba,

Salamu utazipata kwa wifi yako, yeye ana simu.

Barua yako nimesomewa. Funguo nimempa. Ndoo, mwiko, rula, pima maji, vyote nimevitoa nimevirudisha kwangu, kwa hiyo usije ukasema kimepotea kitu.

Mimi nimefundisha watu kazi hii ambao leo wana magari. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia shuka.

Umemtaja baba. Unajua ni nani aliyekuwa akimshika mkono kumpeleka msalani kila asubuhi, na akimgombeza njia nzima. Hukuwa wewe. Wewe ulikuwa umeshakwenda kazini huko. Kwa hiyo usinifundishe.

Tafuta fundi.


Tarehe 2 Juni

Kaka,

Shikamoo. Nimeandika mara moja nikachana. Hii sitaichana.

Sijatafuta fundi. Nyumba imefungwa, wifi anasema buibui ameshaanza kupaka yeye. Nimemwuliza hali yako akanijibu nimwulize mume wake. Mmeoana vizuri nyinyi wawili, mnanifungia mlango kwa ufunguo mmoja.

Hapa amestaafu msimamizi wetu wa chumba cha mashuka. Tulimnunulia saa ya ukutani. Akatuuliza saa ya nini, na yeye sasa hana anapokwenda. Tulicheka wote, lakini mimi nilikwenda kukaa bafuni kidogo.

Nijibu hata mstari mmoja.

Kadogo


Tarehe 11 Julai

Kaka yangu,

Shikamoo tena. Nimeambiwa na dereva wa basi kwamba barua zimefika na kwamba ulizipokea kwa mkono wako mwenyewe ukaziweka mfukoni bila kumwuliza hata habari ya njia. Kwa hiyo unazisoma, au unasomewa.

Nataka tufanye biashara. Wewe nenda kupimwa, mimi nakuachia dari. Sebule nzima iwe ya mbao kama unavyotaka, na nikifika sitatia neno. Ukitaka weka mbao hata kwenye choo.

Na kama biashara haitoshi, basi sikia. Kabla sijanunua kiwanja kile, mjenzi alinionyesha vingine, viwili vizuri zaidi, karibu na barabara. Nilichukua hiki kwa sababu kinapakana na ua wako. Nimejenga pale ili asubuhi nikusikie unagombana na Mzee Honi kuhusu kuku. Sikujenga ili nije nikushike mkono nikuelekeze mlango. Nitafanya, ukifika huko nitafanya, na wala sitakugombeza. Lakini bado kuna nafasi ya kutofika huko, na wewe umekaa nayo ndani, umeikunjia mikono.

Kadogo wako


Tarehe 28 Agosti

Kadogo, mdogo wangu wa pekee,

Salamu kwanza, na hizi ni za miezi yote niliyokunyima. Wifi yako mzima, mjukuu ameota meno, Mzee Honi amekiri kuku mmoja. Wa pili bado anasema ni mwewe.

Sikuandika kwa sababu nilikuwa na kazi ya kukasirika, na mimi kazi nikiianza naimaliza. Sasa nitakueleza mambo yalivyokwenda, kwa utaratibu.

Nilichukua kitambaa chako nikampelekea Mzee Honi, bila kumwambia kitu. Nikamwuliza hii rangi gani. Akasema buluu. Nikaenda kwa mama muuza rangi, akasema buluu. Mkwe wangu, buluu. Nikajua umewapigia simu wote. Nikarudi nyumbani nimewachukia.

Halafu barua yako ya biashara ikaja, nikasomewa na wifi yako. Alipofika pale pa kiwanja akaacha kusoma, akasema ngoja nikaangalie sufuria, na jikoni hapakuwa na sufuria. Mimi nikaomba funguo. Akanipa bila kuuliza.

Wewe hujui ufundi wetu, kwa hiyo nikueleze. Lipu haipimwi kwa rula peke yake. Fundi mwenye heshima anafunga madirisha yote adhuhuri, chumba kiwe giza, anawasha taa anaiweka chini ubavuni mwa ukuta, mwanga uteleze juu yake. Kama pana nundu kama ya ukucha, kivuli chake kitatoka kirefu kama mkono. Hakuna lipu inayoficha kitu mbele ya taa hiyo. Kazi zangu zote nimezipima hivyo, na vijana wangu niliwatesa hivyo, nikiona kivuli kimoja wanabomoa ukuta mzima.

Nikafunga madirisha ya korido kwa maboksi. Nikawasha taa, nikailaza. Nikaangalia. Ukuta ulikuwa safi kama karatasi, hakuna kivuli hata kimoja. Nikafurahi, nikasema haya, Kadogo aje aone. Halafu nikapitisha kitanga cha mkono. Mkono ukapanda. Ukashuka. Ukapanda tena. Ukuta una tumbo, mdogo wangu, tumbo la mtu aliyeshiba, na jicho langu halikuliona hata kwa taa.

Nikakaa juu ya ndoo. Wifi yako alikuja akanikuta hapo. Nikamwuliza, "Ulikuwa unajua?"

Akasema, "Mwaka wa pili huu."

Nikamwuliza mbona hakusema. Akasema angesema ningemfukuza kama yule fundi. Ndipo nikagundua kwamba muda wote huo hajahamisha kitu chochote ndani ya nyumba yetu, hata kigoda, hata ndoo ya maji. Kila kitu kinakaa mahali pake, nami nikijisifu kwamba natembea gizani vizuri kuliko paka.

Basi tukaenda. Si kwa sababu ya dari lako, andika hilo. Daktari ni mwanamke, mkali, anaongea na mimi kama ninaibia hospitali. Akasema mtoto wa jicho macho yote mawili, na kwamba mmoja amekomaa mpaka anastahili kuoa. Nilimpenda hapo. Akasema tungechelewa zaidi angenilaumu, nikamwambia kwenye kunilaumu apange foleni nyuma ya mdogo wangu. Sikuogopa. Wifi yako atakwambia nilimshika mkono kwa nguvu, alikuwa anaogopa yeye.

Walipofungua bandeji ya jicho la kwanza nilimwona daktari, nikamwuliza koti lake analifua na nini. Sijawahi kuona kitu cheupe vile. Nilipotoka nje nikaona mlango wa gari la wagonjwa, nikaona majani, nikaona mikono yangu. Mikono imezeeka sana. Hilo nililisamehe.

Tuliporudi sikuingia kwangu. Nilikwenda moja kwa moja kwenye nyumba yako, nikafungua mlango wa sebule.

Kadogo, nyumba yako ni buluu. Si kwa mbali. Ni buluu ya kumwagikiwa. Ukisimama katikati meno yako yanakuwa buluu. Mzee Honi alikuwa nyuma yangu, akaniambia taratibu kwamba mtaani wanaiita Chupa ya Wino, na kwamba wageni wakipotea wanaelekezwa kwayo. Miezi yote hiyo waliokuwa wanasimama mlangoni kimya nilidhani wanasifu.

Nilicheka mpaka daktari angenikataza. Halafu nikaomba taa. Chumba chako cha kulala nimekipima, kimenyooka. Cha wageni, kimenyooka. Sebule, kivuli kimoja tu nyuma ya mlango, na mlango ukifunguliwa kinafichwa, lakini mimi najua kipo. Korido ndiyo hiyo. Nimeibomoa mwenyewe kwa nyundo, nikiwa nimesimama chini, siku nzima, na wifi yako amekaa kwenye kiti ananitazama kama askari. Kazi ya kuipiga upya nimempa yule fundi niliyemfukuza. Nilimfuata kwake. Akaniuliza kama nimekuja kugombana. Nikamwambia nimekuja kukaa kwenye kiti nielekeze. Anapiga vizuri kidogo kuliko nilivyosema. Kidogo.

Jicho la pili ni mwezi wa kumi. Barua hii nimeandika mwenyewe. Angalia mistari.

Kaka yako,
Fundi


Tarehe 17 Septemba

Kaka yangu,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ya akiba.

Mistari imenyooka. Niliitazama hiyo mistari kabla sijasoma neno hata moja, nikaweka barua chini, nikaenda kunawa uso. Kisha nikaisoma kwa sauti chumbani kwetu, na tulipofika kwenye Chupa ya Wino mashine zote zilisimama. Wenzangu wanataka waje waone kabla hujaifuta.

Dari nimekubali, la mbao, sebuleni. Vyumba vya kulala ni jipsamu, hapo hatujafanya biashara. Kuta ufuate kitambaa. Kama hujapendezwa nacho bado, niambie, tutazungumza, siyo uende kununua ya kufulia. Na ile stoo ndogo ya jikoni naomba uipake rangi yako ile ile ya wino. Nikigombana na wewe nitaingia humo nifunge mlango.

Kivuli cha nyuma ya mlango kiache.

Kadogo


Tarehe 9 Novemba

Kadogo,

Hujambo mdogo wangu. Huku wote tu wazima. Jicho la pili limefunguliwa, daktari kanisifu kwamba nimepona haraka, nikamwambia aina yetu hatuugui, tunachelewa tu. Mjukuu nimemwona vizuri kwa mara ya kwanza. Hajanifuata mimi. Kamfuata Mzee Honi kidogo, na nimeamua kutochunguza.

Nyumba imekwisha. Jipsamu imekaa vyumbani na haijadondoka mpaka leo, naiangalia kila siku kwa tumaini. Mbao za sebuleni nimezichagua ubao kwa ubao, mistari yake inakimbia yote upande mmoja, kuelekea dirishani, kama umezichana na kitana. Jikoni mafuta, kama ulivyosema. Stoo ni wino. Korido yule fundi ameimaliza, nikalaza taa, nikaona kivuli chembamba karibu na swichi. Nikamwambia hapa. Akasema hapana kitu. Nikamwambia pitisha mkono. Akapitisha, akachukua mwiko. Wifi yako anasema nilitembea kwa madaha mpaka nyumbani. Ni uongo, nilitembea kawaida yangu.

Rangi nayo nikueleze. Nilichukua kitambaa chako kwa mama muuza rangi, akachanganya mara moja, nikamwambia inatosha. Akanitazama kama ninamdanganya. Nikapaka kwanza kipande kimoja chumbani kwako, upande wa dirisha, nikakaa mbele yake mpaka kikakauka. Jua lilipogeuka, ule ukuta ukawa kama hakuna ukuta. Umechagua rangi nzuri, mdogo wangu. Mwaka mzima nimebishana na rangi ambayo sikuwa nimeiona.

Nilitaka kuishia hapo, lakini kuna jambo jingine.

Kwetu ukutani kuna picha yako, ile uliyopigwa kazini, umekaa kwenye cherehani. Kila nikipita hapo nilikuwa nasema kwa sauti, mdogo wangu yule hazeeki, angalieni. Wifi yako alikuwa anageukia kazi zake. Siku niliyorudi na macho mawili nikasimama mbele ya picha hiyo. Nywele zako ni nyeupe zote. Umevaa miwani minene kama sahani. Vidole vya mkono wa kulia vimepinda, na vimeshika shuka hivyo hivyo. Uso unacheka lakini mgongo haucheki.

Umeniuliza macho yangu barua kwa barua. Ya kwako hukuyataja hata siku moja. Mimi ningejuaje, na nilikuwa siwezi kukuona?

Waambie huko wakutafutie saa ya ukutani kama yule mwenzako, uichukue, uwashukuru, uondoke. Hapa msumari wa kuitundika nimeshaupigilia, kwenye fremu ya mlango, si kwenye lipu yangu. Mashuka yataendelea kuchanika hata ukiwepo. Wifi yako ameshatandika kitanda chako na amekataza mtu kukaa juu yake, hata mimi niliyejenga chumba.

Usijibu kwa barua. Njoo nikuone.

Kaka yako